Kabla Hujavuka Marekani na Motahomu Yako ya Kwanza

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba familia ya Waswahili huko Ohio, Texas au Minnesota imenunua motahomu. Watoto wamekuwa wakubwa, mama mkwe amekuja kutoka Tanga kukaa miezi mitatu, vyumba vya hoteli kwa watu saba ni ghali, na kila mmoja anataka kuiona Grand Canyon kwa macho yake. Gari linanunuliwa mwezi wa nne. Mwezi wa sita watu wanataka wawe njiani kwenda California. Kwa wote walio katika hali hiyo nina mambo mawili ya kusisitiza. Gari lisitoke nje ya jimbo lenu kabla hamjalala ndani yake karibu na kwenu. Na likishatoka, liende mwendo mfupi kwa siku kuliko mnavyotamani.

Motahomu ni lori na ni nyumba kwa wakati mmoja, na mnunuzi mpya kwa kawaida hajawahi kuendesha lori wala kuishi katika nyumba yenye tangi la choo chini ya sakafu. Wengi huanza na zile za daraja C, zenye kitanda juu ya dereva, zilizojengwa juu ya chesisi ya lori dogo kama Ford E-450. Urefu wake mara nyingi ni kati ya futi 24 na 32, na kimo chake hufika futi 11 au 12 ukihesabu kiyoyozi kilicho juu ya paa. Kwa kuwa uzito wake hauzidi pauni 26,000, majimbo mengi yanakuruhusu kuiendesha kwa leseni ya kawaida. Ruhusa hiyo inapotosha. Hakuna atakayekufundisha wala kukutahini. Unakabidhiwa funguo na kutakiwa safari njema.

Kwa hiyo jifundisheni. Nendeni asubuhi na mapema, siku ya mapumziko, kwenye maegesho makubwa yaliyo tupu, mpange ndoo kama nguzo, mzunguke. Magurudumu ya nyuma yako mbali sana na bampa ya nyuma, hivyo ukikata usukani kulia, mkia wa gari unatoka kushoto. Mkia huo ndio unaogonga nguzo za sheli na gari la jirani. Mmoja wenu ashuke asimame kando autazame unavyotoka. Akiuona mara moja hatausahau. Kisha fanyeni mazoezi ya kurudi nyuma mkiwa wawili, dereva na utingo. Utingo asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo cha pembeni, na ishara za mikono ziwe zimekubaliwa kabla. Dereva asipomwona utingo, asimame hapo hapo.

Mazoezi haya ni ya mume na mke pia. Katika familia nyingi baba hushika usukani na mama hubaki abiria. Baba akishikwa na homa katikati ya Texas, nani atalisogeza gari? Kila mmoja wa hao wawili ajue kuendesha, kufunga gesi, kumwaga majitaka na kuzima umeme.

Baada ya hapo laleni usiku mmoja gari likiwa limeegeshwa nyumbani, kama mtaa wenu unaruhusu, halafu usiku mbili au tatu katika hifadhi ya jimbo iliyo mwendo wa saa moja. Sharti ni moja: pikeni humo, ogeni humo, tumieni choo cha humo. Gari jipya kabisa kutoka kwa muuzaji huwa na kasoro zake, bomba linalovuja hapa, droo isiyofunga pale, na ni afadhali zijitokeze mkiwa karibu na karakana yenye dhamana. Andikeni kila kasoro, mpeleke orodha nzima mara moja, na msiondoke hadi imalizike. Gari la mtumba ndilo linalohitaji usiku hizo zaidi.

Usiku hizo zitawafundisha umeme. Motahomu nyingi za daraja C zina plagi ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa kila kitu. Kiyoyozi hula karibu 1,500. Birika la umeme hula 1,500. Mtu akibonyeza mikrowevu wakati huohuo, breka inakatika na gari zima linanyamaza. Ndiyo maana chai ya asubuhi ni bora ichemshwe kwa gesi, kiyoyozi kiendelee na kazi yake. Nunueni pia kifaa cha kukagua na kukinga umeme, kinachochomekwa kwenye nguzo ya kambi kabla ya waya wenu. Nguzo za kambi za zamani huwa na nyaya zilizounganishwa vibaya, na kifaa hicho kitawaambia kabla friji haijaungua. Kwa upande wa maji, wekeni kipunguza msukumo bombani. Kambi nyingine zina maji yenye nguvu ya kupasua mabomba ya plastiki yaliyo ndani ya kuta.

Sasa nije kwenye uzito, maana hapa sisi tuna tabia zetu. Hatusafiri mikono mitupu. Kuna gunia la mchele, unga wa ugali, sufuria kubwa, na maboksi ya zawadi za ndugu wa Los Angeles. Karibu na mlango wa motahomu kuna kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo ambao haupaswi kuzidishwa. Kisomeni kabla hata ya kununua. Hesabu hiyo inajumuisha abiria wote na maji yaliyo kwenye tangi, na maji ni mazito: galoni 40 ni zaidi ya pauni 330, karibu kilo 150. Watu saba wa kawaida wanaweza kumaliza pauni 1,000 kabla sufuria ya kwanza haijapakiwa. Mkishapakia kila kitu na watu wakiwa ndani, piteni kwenye mizani ya CAT Scale, ipo kwenye vituo vingi vya malori. Malipo yake ni madogo, na karatasi mtakayopewa inaonyesha uzito ulio juu ya kila ekseli. Mkikuta umezidi, mchele ushuke. Mchele unauzwa njia nzima, na maji yajazwe theluthi ya tangi tu siku ya kuendesha, ya kunawa na ya choo.

Tairi zinahusiana moja kwa moja na mizani hiyo. Pimeni upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kiwango kinachoendana na uzito mliopata. Na msidanganywe na kashata nzuri, kwani tairi za motahomu huzeeka zikiwa zimesimama. Ubavuni kuna herufi DOT zinazoishia na tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyofikisha miaka sita au saba mimi nisingevuka nayo jangwa, hata kama inang'aa.

Kingine kinachogombana na mila zetu ni mikanda. Gari linaweza kuwa na vitanda vya watu wanane na mikanda ya watu sita. Wanaosafiri ni sita, basi. Mtoto asilale kitanda cha juu gari likitembea, wala bibi asijinyooshe chumba cha nyuma, hata kama sheria ya jimbo mnalopita imenyamaza. Breki ya ghafla haijui umri wa mtu.

Tuje kwenye njia yenyewe. Nachukua mfano wa Columbus, Ohio hadi Los Angeles, kwa sababu wengi wetu wanaishi maeneo yale na njia yake inamfaa mgeni. Mnashika barabara kuu ya I-70 hadi St. Louis, mnaingia I-44 hadi Oklahoma City, kisha I-40 kupitia Amarillo, Albuquerque na Flagstaff hadi Barstow, na I-15 kushuka kuelekea Los Angeles. Ni kama maili 2,250, yaani kilomita 3,600 na ushei. Kwenye ramani I-70 ya kupitia Colorado inavutia, lakini hiyo inapanda hadi handaki la Eisenhower lililo futi 11,158 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka kwa ukali. Kwa njia ya kusini, Flagstaff iko kwenye futi 7,000 hivi, na kupanda kwake kumegawanywa taratibu katika Oklahoma, Texas na New Mexico. Milima ya Colorado ingojee safari nyingine.

Wenye motahomu wa Marekani wana kanuni ya tatu tatu: msizidi maili 300 kwa siku, mfike saa tisa alasiri, mkae usiku tatu mahali. Usiku tatu kila kituo ni anasa kwa mwenye likizo fupi, lakini mbili za kwanza nazishikilia bila msamaha. Ramani ya simu itasema maili 300 ni saa nne na nusu. Kwa motahomu ni saa sita hadi saba: mwendo wa maili 60 kwa saa, kusimama kila baada ya saa mbili, mafuta, swala, chakula, mtoto mwenye kichefuchefu. Kufika saa tisa maana yake ni kurudi nyuma kwenye nafasi yenu mkiona matawi ya miti, ofisi ya kambi ikiwa wazi na duka la vipuri likiwa halijafungwa. Ukielekea magharibi unapata saa moja kila unapovuka ukanda wa saa, na hilo linasaidia. Ukirudi, saa hizohizo unazilipa, kwa hiyo hatua za kurudi zipangwe fupi zaidi.

Kwa njia hii ningeigawa hivi. Siku ya kwanza Indianapolis tu, maili 175, kwani siku ya kwanza hakuna anayeondoka kwa wakati. Kisha eneo la St. Louis, halafu Springfield ya Missouri, halafu Oklahoma City na mpumzike hapo siku nzima: nguo zifuliwe, mizigo ipangwe upya. Amarillo ni maili 260 mbele, Albuquerque 290 zaidi, na Albuquerque ni mahali pazuri pa kukaa usiku mbili. Kutoka hapo hadi Flagstaff ni kama maili 325, zinazidi kiwango, hivyo laleni Gallup au Holbrook. Flagstaff kaeni usiku tatu. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko maili 80 hivi kutoka hapo. Mkitaka kulala ndani ya hifadhi, Trailer Village ina umeme, maji na mfereji wa majitaka, lakini kambi ya Mather haina hata kimoja cha hivyo nafasini na haipokei gari linalozidi futi 30. Nafasi hizo hugombaniwa miezi mingi kabla, kwa hiyo tarehe ya Grand Canyon ndiyo iwekwe kwanza, na nyingine zote zihesabiwe kutoka hapo.

Baada ya Flagstaff laleni Kingman, kisha muondoke alfajiri. Kati ya Kingman na Barstow ni jangwa tupu, na Needles wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45 za Selsiasi. Saa nane mchana hapo injini inateseka, tairi zinateseka na watu wanateseka. Mkianza saa kumi na moja alfajiri, mtakuwa mmelivuka kabla halijachachamaa.

Kuhusu majira, asiye na mtoto wa shule aende Septemba. Wenye watoto hawana budi kwenda Juni, na Juni bado ni msimu wa tufani za kimbunga Oklahoma na kaskazini mwa Texas. Motahomu si mahali pa kujificha kimbunga kikija. Mkifika kambini ulizeni ofisini, kabla ya kushusha chochote, watu hukimbilia jengo gani na muende mlione. Upepo wa nyanda hizo nao unalisukuma gari pembeni. Mkiona malori matupu yameegeshwa yakisubiri, egesheni nanyi. Turubai la kivuli likunjwe kila mnapolala na kila mnapotoka.

Kwenye barabara kuu madaraja yana kimo cha kutosha. Hatari huanza mnapotoka kutafuta chakula au mafuta. Andikeni kimo cha gari kwa wino mzito, mkibandike mbele ya dereva, na tumieni ramani ya kidijitali iliyotengenezwa kwa motahomu, mnayoweza kuipa kimo na urefu wenu. Ramani ya kawaida ya simu inadhani mko kwenye Corolla. Huko Durham, North Carolina, lipo daraja la reli la futi 11 na inchi 8 lililojulikana dunia nzima kwa kuchuna mapaa ya malori. Mwaka 2019 lililazimika kuinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado magari yanalipiga. Wanaoanzia pwani ya mashariki wajue pia kwamba barabara za New York ziitwazo parkway hazipokei magari haya, na kwamba mahandaki kadhaa, yakiwemo ya Baltimore, yana masharti makali juu ya mitungi ya gesi ya kupikia.

Mteremko una sheria yake, na madereva wa malori wanaoshuka Kitonga kule Iringa wanaijua: shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, weka gia ya chini, acha injini ilishike gari. Gari likizidi kasi, kanyaga breki kwa nguvu hadi mwendo upungue, kisha iachie. Kuweka mguu juu ya breki maili sita mfululizo kunazipasha moto hadi zisishike kabisa. Katika safari hii pahali pa kuwa macho ni Cajon Pass, kati ya Barstow na San Bernardino, ambapo I-15 inaporomoka huku malori yakiwa kulia na watu wenye haraka wakiwa kushoto. Kaeni kulia na malori.

Mafuta hayana siri. Motahomu ya daraja C hula galoni moja kwa maili nane hadi kumi. Kwa maili tisa, safari ya kwenda tu ni galoni 250. Galoni ikiwa dola 3.50, ni dola 875. Ongezeni jenereta. Jenereta ya motahomu kwa kawaida hunyonya kutoka tangi lilelile la gari, na bomba lake limewekwa juu kiasi kwamba mafuta yakifika karibu robo inazima yenyewe ili mbaki na mafuta ya kufikia sheli. Ikizima usiku wa manane msidhani imeharibika. Funga gesi kabla ya kuingia sheli, na kabla hujajongea chini ya paa la sheli, tazama maandishi ya kimo chake.

Kwa wiki ya kwanza lipeni kambi za binafsi zenye umeme, maji na mfereji, hata kama ni ghali kuliko hifadhi za jimbo. Mnapoweka nafasi ombeni ile ya kuingilia mbele na kutokea mbele, mtaje urefu wa gari na ampea zenu. Kulala bure jangwani kuna raha yake, ila kunataka mtu anayejua maji yake yatamfikisha wapi. Walmart hukubali katika baadhi ya maduka na kukataa katika mengine. Pigeni simu mchana mumwulize meneja, msibahatishe usiku.

Nieleze kazi ambayo watu huiogopa, majitaka. Kuna matangi mawili, moja la choo na jingine la maji ya sinki na bafu. Mkiwa kambini mpira umeunganishwa, vali ya choo ibaki imefungwa. Ikiachwa wazi, maji hukimbia na uchafu hubaki ukikauka chini ya tangi, na kuung'oa ni kazi ya fundi. Subirini lifike theluthi mbili. Vaeni glavu, hakikisheni mpira umekazwa pande zote, fungueni la choo kwanza. Mtasikia mshindo, kisha maji yatapungua hadi mchuruziko. Lifungeni. Halafu fungueni la sinki, maji yake yenye sabuni yausuuze mpira. Mwisho rudishieni galoni mbili tatu za maji kwenye tangi la choo kabla ya mtu mwingine kulitumia. Wanaochamba kwa maji wanalisaidia tangi, kwa kuwa maji mengi huzuia uchafu usigande, isipokuwa linajaa mapema. Kwa familia kubwa likaguliwe kila siku. Mpira wa maji ya kunywa ukae sanduku lake, usikutane kabisa na ule wa majitaka.

Kufika na kuondoka kufanywe kwa orodha iliyoandikwa. Mkifika: pimamaji kwenye sakafu kuona gari limelala wapi, mbao chini ya tairi upande ulioinama, kabari, halafu umeme. Sakafu iliyoinama inaharibu friji za gesi, licha ya kuwakosesha watu usingizi. Mkiondoka: antena imeshuka, ngazi imeingia, waya umechomolewa, mipira imefungwa, makabati na mlango wa friji vimekazwa, vyumba vya kuchomoza vimerudi ndani. Mmoja azunguke gari akisoma, mwingine azunguke baada yake bila kusoma. Anayekagua asisemeshwe; akikatizwa kwa maswali ya chai, aanze upya.

Kuna moja ambalo silikubalii mjadala. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya motahomu, si kwa kuota moto Flagstaff usiku wa baridi, si kwa kuchoma mahindi mvua ikinyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na nyumba hii ni ndogo. Bonyezeni vitufe vya vitambuzi vya gesi na vya hewa hiyo kabla ya safari, na mtazame mwaka wa mwisho wa matumizi ulioandikwa nyuma yake. Samaki wa kukaanga apikwe nje, kando ya meza ya kambi. Kitambuzi cha moshi kitawashukuru, na mapazia pia.

Kabla ya kuondoka Columbus mpigieni simu wakala wa bima, mumwulize jambo moja kwa maneno haya: tukiharibikiwa njiani, mtaleta gari la kuvuta lori, la uzito huu na urefu huu, bila kikomo cha maili? Msaada wa njiani wa gari dogo mara nyingi hauhusu motahomu, na kuvutwa kutoka jangwani kwa fedha za mfukoni kunaweza kuimaliza likizo. Ombeni jibu kwa maandishi.

Na mkifika upande wa pili, msiliingize gari katikati ya Los Angeles. Mitaa mingi ina vibao vinavyokataza magari marefu kulala, na dari za majengo ya maegesho hazijajengwa kwa futi 12. Tafuteni kambi upande wa San Bernardino, liegesheni, muunganishe umeme, kisha muwaambie wenyeji waje kuwachukua kwa magari yao. Wapeni anwani ya kambi siku moja kabla, ili wajue kwamba mtafika alasiri na kwamba chakula cha usiku kitaliwa kwao.